Fundo la Kamoso

Wote walioniambia kwamba lilikuwa jua tu, walikuwa wamekaa kivulini. Mchungaji mmoja wa Musaga aliniambia hivyo akiwa na soda baridi mkononi. Mwalimu wangu wa zamani aliniambia hivyo kwenye baraza lake, miguu juu ya kigoda. Mimi nilikuwa juani, nimesimama kwa miguu yangu miwili, nimekula muhogo na maharage, nimekunywa maji, na akili zangu zilikuwa timamu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, njoo tu, koleo ninalo kwenye mkoba, nitakuwekea mkononi ulishike.

Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, karitiye ya tano, katika zile nyumba zilizopangwa kama madawati. Nilimaliza sekondari vita vikiwa vimeshaingia mjini. Diploma yangu ikalala kwenye sanduku la mama pamoja na vitenge vyake, na mimi nikaanza kutafuta kazi yoyote ile, hata ya mikono. Mjomba mmoja akanipeleka kwenye ranchi moja huko bondeni, mbele kidogo ya barabara ya Gatumba. Usidhani ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Tajiri mmoja wa mjini alifuga wanyama wa porini: pofu, swala, kuro, na mbuni wawili waliokuwa na hasira na dunia nzima. Jumapili alikuja na wageni wake, wakawatazama wanyama, wakachoma nyama, wakarudi mjini kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje.

Ranchi ile ilikuwa uzio. Bila uzio, ilikuwa nyika tu. Swala anaruka, unajua? Ukuta wa kawaida kwake ni mchezo. Kwa hiyo uzio wetu ulipanda juu, mtu angesimama kwenye mabega ya mwenzake ndipo afike kileleni. Ulikuwa wavu wa chuma ulioshikwa na nguzo za chuma, na kila nguzo ilikuwa na namba yake kwa rangi nyeupe. Kazi yetu ilikuwa kutembea. Kila mfanyakazi na kipande chake, asubuhi mpaka saa tisa, mkono mmoja ukigusa wavu njia nzima, ukitafuta mahali palipolegea. Viboko walitoka mto Rusizi wakasukuma wavu kwa midomo yao. Ngiri walichimba chini. Kutu ilikula waya kimyakimya. Mimi nilipewa nguzo ya mia na ishirini mpaka ya mia na themanini. Na nikwambie kweli, niliipenda kazi ile. Mpaka leo, nikiwa mbali, kiganja changu kinakumbuka wavu ule ulivyokuwa na joto mchana.

Ila uzio ule ulikuwa na dhambi yake. Ulikata njia ya zamani ya watu wa upande wa mto. Zamani walipita moja kwa moja mpaka barabarani, kwenda sokoni, kanisani, hospitali. Sasa iliwabidi wazunguke mbali, wapite kwenye bariyeri ya wanajeshi. Na risasi zikianza kulia bondeni, mtu hana muda wa kuzunguka.

Siku yangu ya kwanza, Damasi, kapita wetu, yaani msimamizi, alinipeleka kwenye nguzo ya mia na arobaini. Damasi alikuwa mtu mfupi, kofia ya majani kichwani, mdomo hautulii. Nguzo ilikuwa imesimamishwa upya na udongo ulikuwa bado mbichi.

"Kanyaga," akaniambia. "Kanyaga mpaka ikuwe ngumu."

Nikatazama shimo lile lililofukiwa. Nguzo ni nyembamba kama mkono wangu, lakini udongo uliochimbuliwa ulikuwa mrefu kuliko mimi.

"Kapita, mbona shimo kubwa hivi?"

"Kiboko ndiyo aliiangusha. Kiboko ni mukubwa, sha. We uliona kiboko ya shimo kidogo?"

Wenzangu hawakucheka. Mimi nilicheka, maana nilikuwa mgeni. Nikakanyaga kwa bidii ya mtu wa siku ya kwanza. Nikachukua gogo, nikashindilia, nikaimba hata wimbo wa kwaya. Ee, niliimba.

Mtu niliyempokea kipande kile aliitwa Kamoso, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Nikauliza yuko wapi. "Alikimbilia Uvira," Damasi akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Wakati ule watu wengi walikuwa wamekimbilia mahali fulani. Hukuuliza mara mbili.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kisa chote kiko kwenye fundo.

Mahali ambapo kipande cha wavu kinakutana na kingine, tunaviunganisha kwa vipande vifupi vya waya. Unazungusha mara tatu kuelekea kulia, unakaza kwa koleo, unakata, unakunja mkia ndani ili mnyama asijichome. Kila fundi ana mkono wake. Ukinionyesha fundo, nitakwambia ni la nani, kama mwalimu anavyojua mwandiko wa mwanafunzi. Kwenye nguzo ya mia na arobaini nilikuta mafundo matano, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, yamezungushwa kuelekea kushoto, mara moja na nusu tu, na mkia umeachwa mrefu ukitazama chini kama ndoano. Kwa mbali yalionekana yamekaza. Nikayagusa, yakacheza. Nikasema moyoni, huyu Kamoso alikuwa mvivu kweli. Nikayakata yote matano, nikafunga yangu, mazuri, ya shule.

Kesho yake asubuhi nilikuta beseni limepinduka upande wa nje. Ndagala, dagaa wa kwetu, walikuwa wametapakaa mchangani, siafu wamewaandama. Juu kabisa ya uzio, mahali ambapo hata swala hafiki, kipande cha kitenge cha bluu kilikuwa kimenasa kwenye waya. Mtu alijaribu kupanda. Alirudi upande gani, au alianguka wapi, sikujua. Usiku wake hata mjini tulikuwa tumesikia risasi upande wa mto.

Ungefanya nini? Mimi nilikitoa kitambaa, nikakiweka mfukoni, nikaendelea kutembea. Mafundo yangu yalikuwa bado yamekaza. Nilikuwa na fahari nayo. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini nilisema nitasimulia kweli.

Siku ile ile, baada ya mapumziko ya mchana, nikapita tena. Mafundo matano yalikuwa yamegeuka. Kushoto, mara moja na nusu, mkia chini.

Nikayakata, nikafunga upya. Kesho yake asubuhi yalikuwa yangu. Mchana, baada ya chakula, yalikuwa ya Kamoso. Siku ya tatu vile vile. Damasi akaja kukagua, akagusa, akaniangalia chini ya ile kofia.

"We mutoto ya lise. Kalamu ilikushinda, na waya nayo inakushinda?"

"Kapita, mimi nafunga. Kuna mtu anafungua."

"Mutu gani?"

"Sijui."

"Basi sikia. Basoda ba bariyeri wakikuta hapa kuko mulango, watauliza ni nani anapitisha watu ya musituni. Na mi niko na watoto sita. Mi nitawaonyesha we. Kesho nataka hapa pafungwe mpaka panzi asipite."

Hakuwa anatania. Miaka ile mtu alipotea kwa jambo dogo kuliko hilo. Basi nikaamua kumngoja huyo anayefungua mafundo yangu, nimkamate, nimpeleke kwa Damasi mimi mwenyewe.

Wenzangu walipokwenda kulala kivulini kwenye stoo, mimi nilibaki. Saa sita kamili. Watu hudhani mambo haya hutoka usiku tu, kama popo. Mimi nakwambia ilikuwa saa sita ya mchana, jua juu ya utosi. Na usiniulize kama alikuwa na kivuli, maana saa sita ya Bujumbura hata mimi sikuwa nacho.

Kwanza wavu ulilia. Ukiugusa wavu uliokaza, sauti inasafiri nguzo hadi nguzo. Nilisikia mtu anakuja kwa mbali, akigusa njia nzima kama tunavyogusa sisi. Nikaona mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa mpaka magotini, anatembea upande wa nje. Mkono uliogusa wavu ulikuwa wa kushoto.

Swala walikuwa wamelala karibu. Hawakunyanyuka. Na yule pofu dume, ambaye alikuwa ameshavunja mbavu za mfanyakazi mmoja, alikuja taratibu mpaka kwenye uzio akaegemeza paji lake la uso kwenye wavu, mbele ya yule mtu, akatulia kama ndama.

"Mwiriwe, peti," yule mtu akanisalimia, kama mkubwa anavyomwita mdogo. "Ni we unafunga mulango yangu?"

"Mlango gani? Huu ni uzio. Na kipande hiki ni changu."

"Ni yako, ndiyo. Mbele ilikuwa yangu." Akacheka. "Unafunga muzuri. Muzuri sana. Kama kifungo ya shati ya muzungu. Lakini we unafungia nani?"

"Wanyama."

"Wanyama wanalala. Angalia. We unafungia watu."

Nikapandwa na hasira. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na hofu ya Damasi, na hofu ya kijana hutoka kama matusi. Nikamwambia aende zake Uvira, asinipoteze. Nikamwambia kwamba sikuuweka mimi uzio ule. Nikamwambia mengi. Yeye alikuwa amechuchumaa, anaitazama nguzo chini, anapapasa udongo.

"Nani alikanyaga hapa?"

"Ni mimi."

"Ulikanyaga nguvu mingi, sha. Kifua iliniuma."

Nilidhani ni utani. Niamini, nilicheka. Akacheka na yeye.

Halafu akachukua koleo lake. Vishikio vilikuwa vimeviringishwa mpira mwekundu wa tairi ya baiskeli. Akanionyesha. Alishika mkia wa fundo, akazungusha kushoto, mara moja, na nusu.

"Ukivuta chini, inafunguka. Ile ya chini kwanza, unapanda mpaka ya tano. Hata mama iko na mutoto mugongoni anaweza, kwa mukono moja. Ukiisha kupita, unasukuma juu, inafunga. Swala atoki. Kiboko aingii. Mutu anapita. Umeona? Ile ndiyo klotire, ndiyo uzio. Ile yako ni gereza."

"Damasi atanionyesha kwa wanajeshi."

Akalifuta koleo kwenye suruali yake. "Damasi ni mwoga, si mubaya. Mwonyeshe hii." Akanipa koleo. "Na fundo ufunge na mukono ya kushoto. Ya kulia itakukatalia."

Nikalipokea. Lilikuwa baridi. Juani, saa sita, chuma baridi kama kimetoka mtungini. Nikainama kulitazama, nikainua kichwa nimwulize jina lake la kweli, na upande wa nje hapakuwa na mtu. Bonde lile ni tambarare. Hakuna mti, hakuna kichuguu. Ungeona kuku akikimbia nusu saa nzima. Pofu peke yake ndiye alikuwa pale, akipumua kwenye wavu.

Ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanisumbua kuliko vyote. Mafundo yalikuwa yangu. Yote matano yalikuwa yamekaza kulia, mara tatu, hakuna aliyeyagusa. Uzio ulikuwa umefungwa. Na matundu ya wavu ule hayapitishi hata kiganja cha mtoto. Sasa niambie wewe unayesema ni jua: koleo lilipita wapi?

Nikaenda moja kwa moja kwa Damasi. Nilimkuta stoo, anahesabu misumari. Nikaliweka koleo mbele yake juu ya meza.

Uso wake uligeuka rangi ya majivu.

"Hii umeitoa wapi?" Akasimama, kiti kikaanguka. "Hii tuliizika na..."

Akajifunga mdomo kwa mkono. Lakini neno likishatoka halirudi. Nikakumbuka shimo refu kuliko mimi. Nikakumbuka wimbo wangu wa kwaya. Nyama za mwili wangu zilinisisimka kuanzia miguuni, miguu ile ile iliyokanyaga.

"Si mimi," Damasi akasema kwa sauti ndogo. "Nakuapia kwa Mungu. Tulimukuta asubuhi pale pale, risasi kifuani, mukono iko kwa waya, anafungua. Patroni alisema tusipige kelele, watu wataogopa kuja Jumapili. Tukamuweka. Mi nilikuwa nifanye nini, sha? Nifanye nini?"

"Mngesema yuko wapi. Ana mke?"

"Iko naye. Upande ya muto."

"Kapita, mlango ule unabaki."

"Watatuua!"

"Basi kaufunge mwenyewe. Waya huu hapa. Nenda, kafunge, saa hizi. Mkanyage na wewe."

Hakwenda. Kwa siku zote nilizobaki pale, Damasi hakufika tena kwenye nguzo ya mia na arobaini. Na mimi nilirudi mchana ule ule, nikakata kazi yangu nzuri ya shule, nikafunga kwa kushoto. Nilijaribu kwanza kwa kulia, nisikufiche. Waya ulikatika mara tatu. Kwa kushoto, mkono ambao haujawahi hata kushika kijiko, ulizunguka wenyewe kama unaijua njia.

Haikupita wiki mbili. Alasiri moja, tukikusanya vifaa ili tuwahi kurudi mjini, risasi zikaanza upande wa mto, karibu, na moshi ukapanda. Nikaona watu wanakuja mbio nyikani, magodoro kichwani, mbuzi, watoto. Walikuja moja kwa moja kwenye uzio wetu. Nilikimbia kuelekea nguzo yangu ili niwafungulie, lakini nilikuwa mbali. Nilikimbia nikilia, kwa sababu nilikuwa nakiona kile kitenge cha bluu kule juu.

Sikuwahi kufika kuwafungulia. Nilipofika walikuwa wameshaanza kuingia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshika mkia wa fundo la tano, anavuta chini, kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua mlango wa jiko lake. Wakapita. Swala walisogea tu kuwapisha. Wakakata ranchi mpaka upande wa barabara, ambako Damasi, yule mwoga, alikuwa amefungua geti kubwa kwa mikono yake mwenyewe na kusimama pembeni kofia ikiwa kifuani.

Nilimshika mkono yule mwanamke wa mtoto. "Mama, nani amekuonyesha kuvuta chini?"

Akanishangaa. "Si muzee ule. Ametuita tangu mbali. Ule wa mukono ya kushoto."

"Yuko wapi?"

Akageuka kunionyesha. Kwenye nguzo alikuwepo pofu tu, paji la uso kwenye wavu. Mwanamke akatazama kwa muda mrefu. Halafu akasema taratibu, si kwangu, "Sauti yake niliifananisha," akafunga vizuri kitenge cha mtoto, akaondoka. Sikuwa na haja ya kumwuliza yeye ni nani. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamwambia mume wake amelala wapi. Ilinibidi nimwambie pia ni nani aliyekanyaga. Alinishika bega tu, la kushoto.

Mlango ulifungwa na mtu wa mwisho, kwa kusukuma juu. Hakuna swala hata mmoja aliyetoka.

Mimi niliacha kazi ile baadaye, na tangu hapo mguu wangu haujatulia. Nimeishi Uvira, Kigoma, Tabora, nikashuka mpaka Zambia, na kila nilipofika nilitafuta kazi ya uzio. Sasa nina zaidi ya miaka arobaini. Mkono wangu wa kulia unaandika, unakula, unasalimia watu, lakini ukiupa waya, unakataa. Waya unakatika. Mabosi wawili wamenifukuza kwa ajili ya mafundo yangu. Mmoja aliniambia, "Wewe unafunga kama mtu anayetaka kufungua." Nikamjibu, ndiyo, bosi, ndivyo ninavyofunga, na nikachukua mkoba wangu.

Niliwahi kurudi pale mara moja, baada ya vita. Ranchi imekwisha. Wavu umegawanywa, umekuwa mabanda ya kuku bonde zima. Nguzo zote zimeng'olewa na wauza vyuma isipokuwa moja. Vijana wa pale waliniambia wameichimba, wameifunga kamba na kuivuta, haitoki. Nikawaambia waiache. Wakanicheka: "We muzee, unaogopa chuma?" Nikawaonyesha koleo. Mpira ni ule ule mwekundu. Bado ni baridi, hata leo, hata juani. Hawakucheka tena.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, sikulazimishi chochote. Endelea kusema ni jua. Ila siku ukipewa kazi ya kulinda uzio wa mtu, ukakuta fundo limelegea mahali, usikimbilie kulikaza ili upate sifa. Uliza kwanza ni nani anapita hapo. Na ukiambiwa ukanyage udongo mbichi, simama. Pima shimo kwa mwili wako. Usianze kuimba.